Karatasi Inayokuja Yenyewe

Shirika letu lilipouzwa, sisi wachapaji tuliondoka siku moja na taipureta zetu. Zenyewe zilipakiwa kwenye pikapu na kufunikwa turubai kwa sababu kulikuwa na manyunyu, sisi tulitembea. Nilisimama kando ya geti nikaitazama pikapu ikikata kona kuelekea mjini. Taipureta yangu niliitambua kwa ule mkono wa kurudishia roli, uliokuwa umetokeza nje ya turubai. Wenzangu wawili walilia. Mimi nilikuwa nikijiuliza kama asubuhi nilizima jiko la mafuta ya taa.

Hali hiyo iliendelea kwa muda mrefu na sijui niiite nini. Nilikula, nililala, niliitikia salamu. Watu walinisifu kwamba nimejikaza. Sikuwa nimejikaza. Ilikuwa kama mkono ulioulalia usiku kucha: unauona ni wako, umeunganishwa begani kwako, lakini ukiufinya haukuambii kitu.

Ilikuwa miaka ile ambayo kila ukifungua redio unasikia shirika fulani limepata mwekezaji. Wanaume waliokuwa wakiendesha mitambo walikaa mbele ya nyumba zao asubuhi, wamevaa ovaroli zilizofuliwa na kupigwa pasi. Maduka ya mjini yalijaa bidhaa ambazo zamani tulikuwa tukizisikia kwa waliosafiri Nairobi. Nilipita katikati ya vitu hivyo nikivitazama kimoja kimoja, kama mtu aliyetumwa kwenda kuandika ripoti, kisha nikarudi chumbani.

Chumba chenyewe kilikuwa Daraja Mbili, chenye dirisha la kutazama uani, na nilikuwa nimekipanga tangu mwaka nilioajiriwa. Kaka yangu alishuka kutoka Nkoaranga Jumapili moja baada ya ibada, akiwa na mkungu wa ndizi begani. Nilimpa kiti, nikakaa kitandani.

"Ghala la kahawa liko tupu," alisema. "Kahawa yenyewe unaijua ilivyo siku hizi. Nitalipiga chokaa. Kama Krismasi itafika hujapata kitu, panda nyumbani ukakae mle."

"Asante, kaka."

"Siyo kwamba nakufukuza mjini."

"Najua."

"Mama naye atafurahi."

Hakuwa na ubaya wowote. Lakini ghala lile nililijua. Lilikuwa na mlango mfupi wa kuingilia kwa kuinama, na ukuta wake wa nyuma ulikuwa ndio ukuta wa zizi. Nilikuwa binti wa kwanza wa ukoo wetu kusomea uhazili, na mama alisimama kanisani akatoa sadaka ya shukrani siku nilipopata cheti. Nikirudi ningekuwa shangazi anayelala ghalani, mtu wa kutumwa kukata majani ya ng'ombe, bila mgomba hata mmoja wa kusema ni wangu, kwa kuwa mashamba yalikwisha kugawiwa kwa wanaume. Wakati ule hata kutamani kazi sikukusikia vizuri moyoni. Kutotaka ghala ndiko nilikokusikia. Kitu kingine chochote kilikuwa mbali.

Kanisa moja mjini lilikuwa limepokea kompyuta kuukuu kutoka ng'ambo, likaziweka kwenye chumba cha ghorofani juu ya ukumbi wa harusi. Waliopunguzwa kazini waliruhusiwa kujifunza bila malipo. Nilikwenda na mwenzangu mmoja ambaye tulikaa naye chumba kimoja cha uchapaji kwa miaka mingi, meza kwa meza. Yeye ni mzaliwa wa mjini, wa mitaa ya zamani. Wazazi wake walikuja kutoka Kondoa, na baba yake alikuwa fundi cherehani. Alikuwa mjane mwenye watoto wawili, akiishi kwa shemeji yake katika nyumba ambayo watu walilala hadi kwenye korido. Mimi nilikuwa sisemi. Yeye alisema kwa niaba yetu wote wawili.

"Shoga, tumekuwa wanafunzi," aliniambia siku ya kwanza tukipanda ngazi. "Ukinikuta nachapwa kiboko, usiangalie."

Fundi aliyesimamia chumba kile alikuwa mtu mzima wa huko huko kwetu mlimani, mwenye sauti ya chini, aliyekuwa akitengeneza redio kabla ya kugeukia kompyuta. Alikuwa peke yake, na wanafunzi walijaa chumba. Alitueleza kwamba mashine zote zilitumia mfumo unaoitwa Linux, ambao hauuzwi, mtu yeyote anaruhusiwa kuuchukua na kuutengeneza apendavyo, na kwamba zote zilitegemea kompyuta moja kubwa iliyokaa pembeni ikivuma. Hatukuwa na mashine ya mtu binafsi. Ulikaa penye nafasi.

Wachapaji tulikuwa wepesi kuliko wengine wote, kwa sababu herufi zilikuwa pale pale tulipoziacha. Watu waliosimama nyuma yetu walikuwa wakitazama vidole vyetu. Mwenzangu alipenda kutazamwa.

"Piteni mkachape za kwenu," aliwaambia. "Hapa hakuna ngoma."

Jambo moja tu lilitusumbua, nalo lilikuwa karatasi. Mchapaji wa taipureta ana hofu moja kubwa kuliko zote, nayo ni kuchapa kwenye roli. Ukikaribia mwisho wa karatasi unapunguza kasi, unatazama alama ya penseli uliyoiweka pembeni, unachapa mstari wa mwisho, unachomoa. Ukipitiliza, herufi zinagonga mpira mtupu, wino unaingia rolini, na karatasi inayofuata inatoka na doa mgongoni. Mimi nilifundishwa hivyo chuoni na mwalimu aliyekuwa akisimama nyuma yangu na rula. Kwa hiyo nilipochapa kwenye kompyuta na kuona kwenye skrini ule mstari wa kijivu unaoonyesha ukurasa umekwisha, vidole vyangu vilisimama vyenyewe. Nilitafuta jinsi ya kuchomoa karatasi. Pale juu pembeni palikuwa na kialama cha msalaba cha kufunga. Nikasogeza mausi, nikabonyeza. Ukurasa ukatoweka.

Nilisubiri kidogo. Skrini ilibaki tupu, rangi ya bluu, kwa muda wa kuvuta pumzi na kuitoa. Kisha programu ya kuchapia ikafunguka tena yenyewe, na ndani yake karatasi nyeupe, safi, imenyooka.

Nilimgusa mwenzangu begani nikamwonyesha. Akafanya na yeye. Ikaja.

"Haya ndiyo maendeleo sasa," alisema. "Kule kwetu karatasi mpaka usaini kwa mtunza stoo."

Tukachapa hivyo kwa wiki nyingi. Ukifika mwisho wa ukurasa, unafunga. Mashine inakuletea mwingine. Ule uliofunga haukupotea. Ukienda kwenye kabati la mafaili la humo humo ndani ya mashine unaukuta umehifadhiwa na kupewa namba, kurasa zimefuatana kama kwenye jalada. Siku chumba kilipojaa watu, karatasi ilichelewa, na sisi tulikaa mikono mapajani tukiisubiri. Hatukumwita fundi. Mtu aliyezoea mashine haipigi wala haikimbizi.

Tangazo la kazi tuliliona lilipobandikwa mlangoni pa ukumbi. Kampuni moja iliyokuwa ikilima maua ya kusafirisha nje, upande wa Nduruma, ilitaka katibu muhtasi mmoja wa kukaa ofisi yake ya mjini. Ajue hati mkato, ajue kompyuta. Tuliandika maombi siku moja, tukayapeleka siku moja. Tuliitwa sote wawili, ila waombaji walikuwa wengi na waligawanywa: mimi siku ya kwanza, yeye siku ya pili.

"Nafasi ni moja," alisema tulipokuwa tukishuka ngazi.

"Nimeona."

"Ukiipata wewe nitafurahi. Nitakuchukia kidogo, halafu nitafurahi."

"Sawa."

"Na wewe sema kitu basi."

Nikasema kwamba yeye ana watoto. Akanitazama, akasema watoto hawaulizwi kwenye usaili.

Asubuhi ya usaili nilivaa sketi yangu ya bluu ya kazini. Ofisi ilikuwa na zulia, na ilinukia rangi mpya. Aliyetusaili alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi, mwenye Kiswahili cha Dar es Salaam, mchangamfu, aliyetuita wote "jamani". Tulikuwa waombaji wachache chumbani, wengi wao wasichana waliotoka kwenye vyuo vipya vya kompyuta. Alitusomea barua ndefu kwa Kiingereza, nami nikaipokea kwa hati mkato bila kukosa neno. Wawili kati ya wasichana wale hawakujua hati mkato, wakawa wanaandika kwa maneno kamili huku wakivuja jasho. Niliwaona. Nilisikia kitu kidogo kikisogea kifuani, nikadhani labda ni matumaini, ingawa kiliondoka kabla sijakitazama vizuri.

Kisha tukaambiwa tuichape. Kompyuta zao zilikuwa mpya, za mfumo ule mwingine ambao kila mtu mjini alikuwa nao, lakini programu ya kuchapia ilifanana na yetu vya kutosha. Nilianza. Msaili alipita nyuma yangu akasimama.

"Mama, una mkono wewe," alisema.

Nilifika kwenye mstari wa kijivu kabla ya wenzangu wote. Barua ilikuwa imebaki nusu. Nikasogeza mausi kwenye msalaba, nikabonyeza. Kikatokea kisanduku cha kuniuliza kama nihifadhi. Huko kwetu hakikuwahi kutokea, ila Kiingereza chake nilikielewa, nikajibu ndiyo, nikaupa ukurasa jina. Ukatoweka. Nikaweka mikono mapajani.

Skrini yao ilikuwa na picha ya majani mabichi na anga. Niliitazama. Wenzangu walikuwa wakichapa, herufi moja moja, tak, tak. Nilifikiri kwamba mashine zote zinatumika kwa wakati mmoja, kwa hiyo karatasi itachelewa. Nikaendelea kuitazama ile picha. Niliona kwamba majani yalikuwa hayana mmea ndani yake hata mmoja ninaoujua. Niliona saa ya ukutani ikisogea na sikuihusisha na mimi. Msichana wa jirani alifika mwisho wa ukurasa wake wa kwanza, akapita ule mstari wa kijivu bila hata kupunguza kasi, akaendelea upande wa pili. Nililiona hilo pia. Nilidhani anakosea.

Msaili aliniona nimetulia.

"Umemaliza, mama? Wa kwanza. Hongera."

"Bado. Nasubiri karatasi."

"Karatasi za printa ziko nje, tutachapisha sisi."

"Siyo hiyo. Ya humu ndani. Ya pili."

Akainama akatazama skrini. "Kazi yako iko wapi?"

"Nimeifunga ile ya kwanza. Nasubiri ya pili ije."

"Itakujaje, mama, na programu umeifunga?"

"Ikifungwa inakuja."

"Inaletwa na nani?"

Hakuuliza kwa kejeli; aliuliza kwa sababu alitaka kujua. Msichana mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Kwa wiki zote zile nilikuwa sijajiuliza inaletwa na nani. Msaili akachukua mausi kutoka mkononi mwangu taratibu, kama mtu anavyompokea mgonjwa kikombe, akabonyeza alama fulani mara mbili, programu ikafunguka. Kisha akatazama saa yake.

"Chapa unachoweza," alisema. "Muda ndiyo huo unaisha."

Nilichapa mistari michache. Alipotuambia tuache nilikuwa katikati ya sentensi. Sikumlaumu, na sikusikia aibu pia, ingawa nilijua kwamba ilipaswa kuwepo. Nilichukua pochi yangu, nikasema asante, nikashuka.

Kutoka pale nilitembea moja kwa moja hadi chumba cha kompyuta. Mwenzangu alikuwa ndani akijizoeza kwa ajili ya kesho yake. Kutoka mlangoni niliona mgongo wake, mtandio wake wa kijani, na skrini yake. Alifika mwisho wa ukurasa. Akafunga. Akaweka mikono mapajani kusubiri.

Nafasi ilikuwa moja, na sikuwa nimekosa kabisa. Msaili aliusifu mkono wangu, na hati mkato yangu haikuwa na doa. Kama na yeye angekaa pale kesho yake akitazama majani yale, tungekuwa sawa, na labda mimi ningekuwa juu kidogo. Nililifikiri hilo kwa maneno kamili kabisa nikiwa nimesimama mlangoni. Ningependa kuandika kwamba nilipambana na nafsi yangu. Sikupambana. Nilitembea hadi kwenye kiti chake kwa namna ile ile niliyotembea kutoka kule ofisini.

"Haya, lete habari," alisema.

"Usifunge."

"Nisifunge nini?"

"Programu. Kule ukifunga, hairudi."

Alicheka. Halafu akaona uso wangu. Nikamweleza yote kwa mpangilio, toka hati mkato hadi kikohozi cha yule msichana. Fundi alikuwa karibu akiunganisha waya. Aliacha, akaja kusimama nyuma yetu. Nilipomaliza, akavuta kiti.

"Inaletwa na mimi," alisema.

Alitufungulia faili lenye mistari michache tu ya maandishi na kutusomea kwa Kiswahili, kidole chake kikiwa kwenye skrini. Ilisema: fungua programu ya kuchapia. Ikifungwa, hifadhi kilichokuwamo, pumzika kidogo, kisha rudi mstari wa kwanza. Ndivyo tu. Inazunguka hivyo tangu mtu anapokaa mpaka anapoondoka, na kila mashine chumbani ilikuwa ikizungushwa hivyo.

"Watu walikuwa wanafunga kwa bahati mbaya," alisema, "wanabaki na skrini ya bluu wanaita fundi, fundi. Niko mmoja. Nikaona bora ijifungue yenyewe. Nyinyi niliona mafaili yenu ya ukurasa mmoja mmoja, nikajua ndivyo mlivyofundishwa ofisini."

"Ndivyo tulivyofundishwa," mwenzangu alisema.

"Sasa mbona hamkuniuliza?"

"Mashine inakuletea karatasi safi, wewe utauliza nini? Utashukuru."

Fundi akatabasamu kidogo, kisha akaacha kutabasamu. Aliniuliza kama kampuni ile inaweza kunipa nafasi ya pili, akisema yuko tayari kwenda kueleza. Nikamwambia hapana. Akaandika alama moja mbele ya ile mistari ili isifanye kazi, akamwambia mwenzangu afunge programu. Akafunga. Skrini ikawa bluu. Tukaisubiri sote watatu, hata yeye fundi. Haikuja.

"Haya," alisema. "Sasa ifungue mwenyewe."

Kufungua kulikuwa kazi ndogo. Kazi kubwa ilikuwa ule mstari wa kijivu. Fundi alimwambia achape tu, apite, karatasi haina mwisho, ukurasa unaofuata uko pale pale chini. Mwenzangu alichapa hadi mstari wa mwisho na vidole vikagoma.

"Nitachapa kwenye roli," alisema.

"Hakuna roli, mama."

"Wewe ndiye unasema. Vidole haviamini."

Nikasogeza kiti changu karibu naye, nikamsomea kwa sauti kutoka kwenye daftari langu la hati mkato, barua ile ile ya asubuhi, bila kupumua mwisho wa ukurasa. Mchapaji akisomewa hatazami karatasi, anasikiliza. Mara ya kwanza alisimama. Mara ya pili alisimama. Nilipoendelea kusoma bila kumjali, alifumba macho, akapita. Alipofumbua alikuwa ukurasa wa pili, mstari wa tatu, hakuna doa popote.

"La haula," alisema kwa sauti ndogo.

Tulirudia hadi mwadhini alipoadhini alasiri, mwenzangu akaenda kuswali kwenye chumba cha pembeni alichoachiwa na fundi. Aliporudi tukaendelea. Baadaye nilitambua kwamba nilikuwa nimemsomea barua yenyewe ya usaili. Kesho yake waliwasomea nyingine, kwa hiyo haikumsaidia kwa hilo, lakini siku ile sikuwa nimefikiria wangewasomea ipi.

Wiki mbili za kungoja majibu sikuzihesabu kama kungoja. Nilikwenda chumba cha kompyuta asubuhi, nikajizoeza kufungua programu na kupita mstari, nikarudi. Wachapaji wengine waliokuwa wakija walilalamika kwamba karatasi haziji tena. Fundi alinituma niwaeleze, kwa kuwa mimi nilijua walichokuwa wakikisubiri. Niliwasomea kama nilivyomsomea mwenzangu. Mama mmoja mzee aliyewahi kuwa mkuu wa wachapaji katika ofisi ya mkoa alipita mstari kwa mara ya kwanza, kisha akaomba aruhusiwe kwenda kunywa maji. Krismasi ilikuwa inakaribia, na kaka alituma neno kwamba chokaa ya ghala imekauka.

Barua ya kampuni sikupata. Nilikwenda mwenyewe kuuliza, na yule msaili akatoka hadi mapokezi kuniona. Aliniamkia safari hii. Ile ya kwanza hakuniamkia. Alisema nafasi amepewa mwenzangu, lakini mkono wangu haujasahaulika, na wakipanua ofisi wataniita. Nikamwambia asante. Nje kulikuwa na lori lao limepakia maua kwenye maboksi, nikasimama nikasoma maandishi ya maboksi yote niliyoweza kuyaona.

Mwenzangu alikuja Daraja Mbili siku iliyofuata, saa za kuanika nguo. Alibisha hodi na kuingia kabla sijaitikia, kama kawaida yake, kisha akasimama katikati ya chumba kwa sababu hapakuwa na pa kukaa. Kiti nilikwisha kukifunga pamoja na meza. Godoro lilikuwa limekunjwa na kufungwa kamba, limesimama ukutani.

"Nimepata," alisema.

"Najua. Hongera."

"Usinipongeze kama mtu anayesoma tangazo la maji."

"Nakupongeza kweli."

Aliketi juu ya sanduku langu la nguo. Nilikuwa na sufuria moja ambayo sijaifunga, yenye ndizi nilizopika na nyama kidogo, nikamimina kwenye sahani moja tukala sote. Alikula kidogo. Kisha akaanza kulia huku akitafuna, akajifuta kwa mtandio.

"Ungenyamaza tu siku ile," alisema. "Nani angekulaumu? Hata mimi nisingejua."

"Ningenyamaza, ungekaa pale ukisubiri karatasi."

"Ningekaa."

"Basi."

"Siyo basi. Ulikuwa unajua nafasi ni moja."

"Nilijua."

"Ulifikiri nini?"

Nikatafuta jibu la kweli, kwa sababu alistahili hilo. "Niliona mgongo wako," nilisema. "Umeweka mikono mapajani. Nilitaka uache kukaa hivyo."

Nje uani mpangaji mwenzangu alikuwa akipigana na kamba ya nguo. Nilimwongezea mwenzangu mchuzi, akaula bila kuuona.

"Unapanda lini?" aliuliza.

"Jumamosi. Kaka anakuja na pikapu ya mtu."

"Na chumba? Mwenye nyumba ameshapata mpangaji?"

"Bado."

Alitazama sakafu. Nilimfahamu vya kutosha kujua swali lililokuwa likija, na nilijua pia kwamba halitatoka, kwa hiyo nililitoa mimi. Nikamwambia chumba kinatosha yeye na watoto kama kitanda cha watoto kitakuwa cha juu na chini. Nikamwambia bomba la uani hutoa maji alfajiri na kukauka jua likitoka. Mwenye nyumba ni mtu mzuri ila hataki kusikia redio wakati wa ibada yao ya nyumbani Jumatano. Dirisha lisisukumwe kwa nguvu. Linyanyuliwe kwanza, kisha lisukumwe.

"Hutanichukia?" aliuliza.

"Kitapangwa na mtu."

"Nimekuuliza kuhusu mimi."

"Kidogo," nilisema. "Halafu nitafurahi."

Akacheka, pua ikiwa bado imejaa. Aliinuka, akanyanyua dirisha, akalisukuma, likafunguka. Kisha akaanza kupima ukuta kwa shubiri kuona kama kitanda cha watoto kitaingia, akitoka pembeni kwenda mlangoni, na alipolifikia godoro langu nililishika kwa kamba nikalisogeza ili apite.